Braces zilivyonibadilisha uso, na mwanya nilioomba usifungwe

Wakuu, natumaini mko salama. Nimeona vijana wengi hapa wakiuliza kuhusu braces, zile nyaya za kunyoosha meno. Nitaeleza yangu jinsi yalivyokuwa, bila kuongeza chumvi.

Ilikuwa miaka ya 2000. Nilikuwa nimemaliza chuo, nafanya kazi katika ofisi moja katikati ya Nairobi. Meno yangu ya juu yalitokeza mbele na kupandana pembeni, ila mawili ya katikati yalikuwa na mwanya. Nilikuwa sicheki mbele ya wageni.

Daktari wa meno kule Spring Valley alinionyesha aina tatu. Za chuma zina nguvu, lakini zinaonekana toka mbali. Za ceramic hufanana na rangi ya jino. Za tatu hufichwa nyuma ya meno, ila ulimi hutaabika na maneno huwa mazito.

Nikachagua ceramic juu, chuma chini.

Sikujua kwamba uso ungebadilika kabla ya meno. Zile za juu zilinisukuma mdomo mbele, nikawa kama mtu aliyenuna. Mutua, mwenzangu wa ofisini, hakuniacha.

"Madam, leo ni nani amekukosea?"

Kisha mchuzi wa bizari ukageuza raba za braces kuwa njano. "Ala! Kumbe umeweka za dhahabu!"

Baada ya miezi mingi meno yalirudi ndani, midomo ikatulia, kidevu kikaonekana. Nilijipenda, sitaficha. Daktari akasema kilichobaki ni kufunga mwanya.

Jumapili nikaenda Waithaka kuwapa wazazi habari. Baba huniita Mami, kwa sababu nimerithi jina la mama yake, na kwetu aliyerithi jina huheshimiwa kama yule aliyemrithi.

"Mami, hata huo mwanya wanafunga?"

"Eeh, baba. Ndio smile ikae poa."

"Sawa. Ni meno yako."

Akatoka kwenda kumwangalia ng'ombe ambaye alikuwa amekwisha kukamuliwa.

Mama ndiye aliyenieleza. "Huo mwanya ni wa nyanya yako. Naye alipigwa picha moja tu, ya kitambulisho, mdomo umefungwa. Baba yako akitaka kumwona mama yake akicheka, anakuchekesha wewe."

Wakuu, chai ilinishinda.

Nilimrudia daktari, nikamwomba auache. Alishangaa, maana wengine huja kwake kufungwa mwanya tu. Nilipomweleza, akapanga waya upya.

Siku braces zilipotolewa nilifika kwa wazazi na hofu. Mwanya ulikuwepo, lakini midomo na kidevu vilikuwa vya mtu mwingine. Je, kama mzee hangemwona mama yake tena?

Baba alinitazama usoni.

"Mami, umesikia jogoo wa jirani ameokoka? Siku hizi anawika Jumapili pekee."

Upuuzi mtupu. Nikacheka hadi machozi.

"Yuko," akasema polepole. "Yuko kabisa."

Nilichojifunza ni hiki: kabla ya kuchagua chuma au ceramic, muulize daktari uso utakuwaje, halafu waulize wa nyumbani wanamwona nani wakikutazama.

Nanyi mliovaa zile za nyuma ya meno, hebu tuambieni ulimi ulizoea vipi. Mimi niliziogopa.