Mama wa Bibi Harusi Asiyekaa

Chumbani kwangu, mtaa wa Katubuka, nafundisha klarineti, mwanafunzi mmoja mmoja, kila mtu kwa kiwango chake. Kuna kijana wa bendi ya kanisa ambaye vidole vyake vimeshaniacha nyuma mimi mwalimu wake. Na kuna mama mmoja mjane wa Kasingirima, kule ufukweni mwa ziwa, muuza dagaa, aliyekuja mwaka jana hajui hata upande upi unaingia mdomoni.

Watu huniuliza kwa nini mtu anayejiita mwandishi anapoteza jioni zake kumfundisha mwanamke aliyepita hamsini chombo cha kizungu. Chombo chenyewe kimechongwa kwa mpingo, mti wetu. Na pumzi ni ya kwake, ile ile iliyopuliza moto na kuita watoto ufukweni maisha yake yote. Sioni kilichopotea.

Mwanzoni alinitesa. Klarineti ina kipande chembamba cha mwanzi, ndicho kinachotetemeka mdomoni kikatoa sauti. Nilimwambia akipeleke nyumbani, akifute, akikaushe. Akakikausha anavyokausha kila kitu: mchangani, jua la saa sita, katikati ya dagaa. Kilirudi kimepinda, kinanuka ziwa lote. Kijana wa bendi, aliyekuwa anasubiri zamu yake, alicheka mpaka akashika ukuta.

"Mama, hicho bado ugali tu!"

"Cheka, mwanangu. Ukimaliza nakulisha wewe."

Nikampa kipya, tukaendelea. Miezi yote hiyo alitaka wimbo mmoja tu, ule wa kumwingiza binti ukumbini siku ya kuagwa. Kitinda mimba wake alikuwa anaolewa.

"Baba yake angekuwepo angemshika mkono," aliniambia. "Hayupo. Basi mimi nitampigia."

Kamati ya sherehe haikutaka kusikia. Nilikwenda naye kikaoni, na mwenyekiti, mdogo wake marehemu mumewe, hakuacha hata tumalize salamu.

"Shemeji, mama wa bibi harusi anakaa. Anakaa meza kuu, anavishwa kitenge, anafuta machozi. Kupiga kuna watu wake."

"Machozi nitayafuta nikishapiga."

"Utatutia aibu mbele ya wakwe!" Akanigeukia. "Na wewe mwalimu, si una yule kijana wa kanisani? Huyo anajua. Mlete."

"Anajua kuliko mimi, mzee," nikasema. "Lakini si yeye aliyemzaa bibi harusi."

Wajumbe wakapitisha kwamba kijana ndiye atakayepiga.

Siku ya sherehe kijana hakutokea. Alinipigia simu, sauti yake nzima kabisa. "Mwalimu, mwambie mwenyekiti midomo yangu imepasuka. Imepasuka vibaya sana." Nikafikisha ujumbe kama ulivyo. Mwenyekiti alinitazama kwa jicho ambalo bado ninalikumbuka kwa raha, akaenda kumwambia mshereheshaji afungulie muziki wa spika.

Hakumfikia kwa wakati. Mama alikuwa ameshasimama meza kuu, kilemba kimenyooka, klarineti aliyoificha chini ya kitambaa cha meza iko mkononi. Mlango ukafunguliwa, binti akaanza kuingia. Mama akavuta pumzi, akapuliza.

Ikalia kama bata aliyekanyagwa.

Ukumbi ukaangua kicheko. Upande wa wakwe mtu alipiga makofi ya kejeli. Mwenyekiti akaja mbio kati ya meza, amenyoosha mkono: "Shemeji, kaa! Kaa basi!" Nikasimama njiani mwake, nikabaki hapo hapo.

Mama aliondoa klarineti mdomoni. Hakuinamisha kichwa.

"Chekeni mmalize," alisema, na ukumbi wote ulimsikia. "Wewe binti, rudi mlangoni. Tunaanza upya."

Binti akainua pindo la gauni, akarudi mlangoni.