Akogo Kwenye Taya la Bibi

Juzi umeme ulitukatikia kazini tukiwa katikati ya kipimo. Sisi tunatengeneza boriti za mchanganyiko wa malighafi mbalimbali, shinani ngumu, kisha zinalainika taratibu mpaka nchani. Tunazigonga, mashine inachora zinavyotetemeka. Mashine ilipozima, nikaibana boriti ndogo kwenye taya langu, nikaigonga. Wenzangu walinicheka mpaka wakashika mbavu. Wacha wacheke, rafiki yangu. Mimi kimawazo nilikuwa nimeshafika kijijini Kwapa, kwa bibi.

Bibi alipiga akogo, kile kisanduku cha mbao chenye ndimi za chuma za kudonoa kwa vidole gumba. Ndimi alizifua mwenyewe kutoka vyuma vya miavuli mibovu tuliyookota sokoni Busia. Shina aliliacha nene, ncha akaiponda ikawa nyembamba, huku mimi nikichochea moto na kunde zikichemka kando. Nilimwuliza kwa nini asiuponde ulimi wote sawasawa. Akasema ukiwa sawa wote unapiga kelele tu, hauimbi.

Halafu masikio yake yakaziba. Sikukuu ya mavuno kanisani ilikuwa imekaribia, na jirani aliyewaongoza wapigaji akogo wa kanisa akaja, akanywa chai, akasema kwa upole kwamba bibi apumzike, nafasi yake apewe mwingine. Bibi alimwomba asubiri Jumapili. Mimi nilijificha nyuma ya jiko nikalia, maana bila akogo sikumjua bibi mwingine.

Kesho yake akanikalisha mkekani. Akaubana ubao wa akogo tayani, akafumba macho, akadonoa. Akausukuma ulimi mmoja ndani kidogo, akadonoa tena, mpaka akatabasamu. Kisha akaniwekea mimi. Sauti ilinipitia menoni ikashuka mpaka kifuani.

"Unasikia mfupa unavyoimba?" akasema. "Basi mimi bado nipo."

Jumapili alipiga akiwa ameinama, kidevu juu ya ubao, na jirani mwenyewe akasogeza kiti akakaa karibu naye. Nafasi yake haikuulizwa tena mpaka alipoaga dunia.

Siku hizi wapigaji wale wametawanyika, na sijui kama kuna anayeokota vyuma vya miavuli. Lakini kila kazi niliyonayo ilianzia kwenye mkeka ule.

Umeme uliporudi, mashine ikachora mawimbi yaleyale niliyokuwa nayo menoni. Nikasema kwa sauti, "Eyalama, tata," asante, bibi. Wenzangu wakadhani naushukuru umeme.