Tairi la Nyuma Kushoto

Msije mkaniambia nilikuwa na homa. Msije mkaniambia ni njaa, au usingizi, au kwamba mwanamke akiwa peke yake barabarani huona mengi. Ilikuwa alasiri, mwanga upo, nimeswali Saadani kabla ya kuondoka, na nilichokiona nilikiona kwa macho haya haya ambayo mpaka leo yanatunga uzi kwenye sindano bila miwani. Anayetaka kuamini aamini. Asiyetaka, barabara ya Miono ipo, akapite mwenyewe.

Kazi yangu ni samaki. Nachukua kamba na samaki wakavu Saadani, nawapeleka sokoni Bagamoyo kwa pikapu aliyotuachia marehemu baba. Nasema "aliyotuachia" kwa sababu kaka yangu Shomari hajawahi kuniacha nilisahau neno hilo. Masika yale yalipoanza nilikwama matopeni mara mbili, mzigo ukaharibika, na Shomari akaja barazani kwangu, akakunywa chai yangu, kisha akasema, "Mdogo wangu, ukikwama tena gari naliuza. Ukae nyumbani upumzike."

Nipumzike! Mjane mwenye watoto watatu apumzike ale nini? Nikamwambia, "Halitakwama." Akacheka. Kicheko kile kilinichoma kuliko maneno yenyewe.

Ila kweli matairi yalikuwa vipara, huo ukweli siukatai. Na njia yangu haina huruma. Kutoka Saadani kupitia Miono mpaka Mandera ni udongo, na masika udongo ule unanata kama ugali usioiva. Ukishatoka hapo ni lami tupu mpaka Bagamoyo. Ukifunga tairi la matope, lami italila na njia nzima litakuungurumia masikioni. Ukifunga la lami, utalala Miono. Mimi nilitaka tairi la mvua na jua, la kuvaa mwaka mzima, kwa bei ya muuza samaki. Nikaenda Zinga kwa Maulidi, muuza matairi ya mtumba, mtu mpole ambaye hupenda kusifia kila kitu kilichomo bandani mwake.

Akanionyesha mapya yasiyo na jina, yanang'aa. Nikabonyeza kwa ukucha, magumu kama kigae. Tairi gumu hivyo kwenye lami yenye maji ni kuteleza tu. Akanionyesha mengine yenye kashata nene, ile mikato ya juu inayouma barabara. Nikasoma namba za pembeni zinazotaja mwaka wa kutengenezwa, nikamwuliza, "Haya si yamenizidi umri, Maulidi?" Akacheka, akayarudisha.

Ndipo nikayaona manne yameegemezwa ukutani nyuma. Kashata nzito lakini si za trekta, mpira laini, hayana nyufa, ndani hayana kiraka hata kimoja. Kasoro moja tu: tairi moja lilikuwa limemeguka kashata pembeni, pengo la mviringo kama mwezi mchanga. Nikauliza bei. Aliyoitaja ilinifanya nimwulize mara ya pili.

"Mbona rahisi?"

Maulidi akajikuna shingo. "Dada, aliyeleta alikuwa na haraka. Gari jeupe, taa ya kushoto imevunjika. Kabadilisha yote manne, kachukua ya hovyo, hata hatukupatana vizuri. Kaondoka kuelekea Dar."

"Mtu anatoa matairi mazima anafunga ya hovyo, na wewe hukumwuliza kwa nini?"

"Mteja hakusema, mimi sikuuliza."

Wahenga walisema rahisi huvunja upishi. Niliwasikia vizuri sana wahenga. Lakini nilikisikia na kicheko cha Shomari, nikasema funga. Lile lenye pengo likakaa nyuma kushoto.

Na yalifanya kazi, jamani! Nilipita Miono matope yakiwa mpaka kwenye vitovu vya magurudumu, gari linatambaa bila wasiwasi. Kwenye lami kimya. Pale Miono penyewe, nilipokunywa chai, niliwakuta watu wamo kwenye hitima. Mzee mmoja mkulima aligongwa wiki za nyuma akitoka shambani, na dereva hakusimama. Walimkuta asubuhi. Nikatoa pole, nikasoma Fatiha, nikaondoka. Mzee mwenyewe sikuwahi kumjua. Je, nilipaswa kuunganisha mambo? Labda. Wewe ungeunganisha?

Safari ya tatu ndiyo hiyo. Mvua imekatika, nimetoka nje ya mbuga ya wanyama ya Saadani, Miono haiko mbali. Mbele yangu katikati ya njia anatembea mzee, amevaa msuli na shati, jembe begani, miguu mitupu. Nikapunguza mwendo, nikatoa kichwa dirishani. "Shikamoo, mzee."

Kimya.

Huku kwetu mtu mzima akikataa shikamoo yako, ama umemkosea ama si mtu. Nikampita taratibu nisimrushie tope. Nikatazama kioo: hayupo. Nikatazama mbele: yule pale, mgongo ule ule, jembe lile lile.

Nikatoa shikamoo ya pili. Kimya. Nikampita, na nikamkuta tena mbele, safari hii amesimama, amenigeukia. Nikafunga breki. Hapo ndipo nikatazama chini, kwenye tope laini alikotoka.

Miguu yake ilikuwa mitupu, nasema. Vidole naviona. Lakini nyayo alizoacha hazikuwa za mtu. Zilikuwa kashata za tairi. Hatua baada ya hatua, tairi, tairi, tairi, na kila moja ina pengo la mviringo pembeni, kama mwezi mchanga.

Sijidai, niliogopa. Nikatia gia niondoke. Injini ikanguruma, gurudumu la kulia likazunguka, la kushoto likagoma. Si kukwama, kukwama nakujua mimi. Lilishikwa. Nikageuka, nikamwona amechutama kando ya gari, viganja viwili juu ya tairi langu.

"Lirudishe," akasema. Sauti ya kawaida kabisa, ya mtu aliyechoka.

Na hapo, niaminini, woga ukaniisha, hasira ikapanda. Kwa sababu nilimwona Shomari anacheka. Niliwaona watoto wangu. Nikafungua mlango, nikashuka kwenye tope na viatu vyangu.

"Mzee, mimi sikukugonga! Gari hili halikuwahi kukugusa. Tairi nimelinunua kwa jasho langu, halali. Aliyekuacha njiani kama mbwa mbona humfuati? Unamngoja mwanamke na samaki zake? Nikikwama hapa leo watoto wangu wanakufa njaa, na aliyekuua analala kwake salama. Hiyo ndiyo haki?"

Alinitazama tu, na yale macho hayakuwa na ubaya. Hilo ndilo lililoniuma. Yalikuwa macho ya mtu anayengoja apite mtu wa kumsaidia, na hapiti.

Nikatoa jeki. Nikaweka ubao chini yake isizame, nikalegeza nati, na yeye kachutama pale pale, karibu nami kiasi cha kunusa udongo wa shamba kwenye shati lake. Nikalitoa tairi lile, nikafunga la akiba, kipara cha zamani. Kisha nikalisimamisha lile lenye pengo mbele yake.

"Chukua lililo lako. Haya matatu ni yangu, siyatoi."

Akaliwekea mkono. Akauliza, "Yuko wapi?"

Ningeweza kusema sijui. Nikamwambia yote. "Gari jeupe. Taa ya kushoto imevunjika. Alipita Zinga, akaelekea Dar."

Akaitikia kwa kichwa polepole, kama mtu aliyeelekezwa duka. Nikapanda garini, nikatia gia, gari likaondoka. Ndipo nikamsikia nyuma yangu, wazi kabisa:

"Marahaba."

Nilifika Bagamoyo na mzigo wangu mzima. Kesho yake nilimlazimisha Shomari twende naye mpaka pale. Tairi halikuwepo. Kulikuwa na mstari mmoja tu wa tairi kwenye tope, mmoja, wenye pengo lile, hauna nyayo za mtu pembeni. Tuliufuata mpaka Mandera, ulipopanda lami na kupotea. Tangu siku ile Shomari habari ya kuuza gari hajaigusa tena. Nilikwenda na kituo cha polisi nikaeleza habari za lile gari jeupe. Waliandika maelezo yangu, wakaniuliza nimejuaje, nikawaeleza nilivyojua, wakatazamana. Sawa, watazamane.

Gurudumu la nyuma kushoto sasa limevaa tairi lisilofanana na wenzake, na sitalibadilisha. Ninyi mnaonunua mtumba, someni umri wa tairi, bonyezeni mpira, chungulieni ndani, lakini ulizeni pia limetoka kwa nani na kwa nini aliharakisha. Muuzaji akijikuna shingo, ondokeni.

Na wewe mwenye gari jeupe. Najua habari husafiri, itakufikia. Kila nikipita pale napunguza mwendo, natoa kichwa, nasema, "Shikamoo, mzee." Hakuna anayejibu. Siku nikijibiwa nitajua amerudi kwao, amepumzika. Mpaka juzi sijajibiwa. Bado yuko barabarani, na aliyemwonyesha njia ya kwako ni mimi.