Bibi Aliyepika Kabla ya Kubatizwa

Jina lake kamili lilikuwa Modesta Pili binti Pazi. Pazi ni baba yake, na sisi Waluguru baba tunamheshimu, lakini ukoo tunauhesabu kwa mama, kwa hiyo nitaanza huko. Mama yake alikuwa Mwanaasha, yule aliyemzuia Mdachi wa kwanza kupita katikati ya shamba lake la mtama. Mdachi akazunguka, yeye na askari wake na wapagazi na kiti chake cha kukunja. Mama wa Mwanaasha alikuwa Chausiku, aliyekufa asubuhi, akaoshwa adhuhuri, na wakati wanamfunga shuka akauliza ni nani aliyeacha maharage yaungue. Aliishi baada ya hapo hadi akawazika karibu wote waliomwosha. Nayasema haya mapema ili msomaji asije akashangaa mbele. Bibi yangu hakuokotwa njiani.

Nyumba yake ilikuwa bondeni chini ya misheni, upande wa Mgeta, mahali ambapo mtu akidondosha kiazi itambidi akifuate mtoni. Kutoka misheni kushuka hadi kwake ni muda wa maharage kuchemka. Kupanda ni muda wa maharage kuiva. Majirani wengi walikuwa Waislamu, wengine walishika mambo ya mizimu ya wazee, na wachache walivaa medali ya misheni shingoni, dalili kwamba wanafundishwa.

Mwaka ule reli ya Mdachi ilipofika Morogoro, Pili alikuwa na mtoto wa kiume anayenyonya. Surua ikapanda milimani. Katekista Agustino alikuwa anapita akamkuta mtoto yuko katika hali mbaya, akamwagia maji kichwani na kumpa jina la Lukasi. Kulipopambazuka mtoto akafa.

Pili alingoja hadi matanga yakaisha. Kisha akamwendea Agustino akamuuliza mtoto yuko wapi. Agustino akasema yuko mbinguni. Pili akauliza ni nani anayempa chakula huko. Agustino, ambaye katika mafunzo yake yote hakuwahi kuulizwa hivyo, akajibu kwamba mbinguni hakuna njaa. Pili akauliza kama yeye akifa atamwona. Agustino akasema atamwona, ikiwa naye atabatizwa.

"Basi nibatize kesho," akasema Pili.

Haikuwa kesho. Mtu mzima mwenye afya yake alipaswa kufundishwa miaka, kisha apande misheni Jumamosi moja baada ya mavuno, asimame mbele ya Padri Anselmi na kuulizwa maswali. Aliyefaulu alibatizwa adhuhuri ile ile. Aliyeshindwa alirudi nyumbani kungoja mavuno mengine. Pili akafundishwa. Sala zote alizijua, amri alizijua, hata zile zisizomhusu. Wiki ya mtihani ilipofika, alinunua mchele kwa watu wa Mlali, akapika togwa mtungi baada ya mtungi, akatenga mbuzi, akaalika kijiji kizima kuja kusherehekea ubatizo wake.

Kwa mbuzi kulikuwa na utaratibu, kama mpaka leo kwetu. Achinje Mwislamu, ili wote wale. Mchinjaji akawa Mikidadi, mtani wa ukoo wetu, mtu mrefu mwenye mdomo usio na mlango, na haki yake ya kuchinja ilikuwa shingo. Pili alimwacha ananoa kisu, akajifunga kanga mpya, akapanda.

Mtihani ulikwenda vizuri mpaka kwenye fadhila. Padri akauliza imani ni nini. Pili akasema ni kushika alilosema Mungu. Padri akauliza matumaini ni nini. Pili akasema, ndiyo hilo hilo, Padri. Padri Anselmi alikuwa mtu wa utaratibu, viatu vyake vilipangwa mlangoni kwa ukubwa ingawa vyote vilikuwa vyake. Akamwambia hayo ni mambo mawili, aeleze tofauti. Pili akafikiri sana.

"Padri, wewe ukiniambia utakuja kwangu kesho, nami nikakuamini, si nitakuwa nimeshainjika chungu? Sasa hapo unataka nitenganishe kipi na kipi?"

Akashindwa. Akashuka na kanga yake mpya, akawakuta watu wamekaa, wali umeiva, mbuzi yuko kwenye mchuzi. Hakuna chakula duniani kinachoweza kurudishwa kuwa kibichi. Wakala. Mikidadi, huku akiiguguna shingo, akampongeza kwa kushindwa na kumwambia kwamba wapo waliofaulu ambao hawajapika hivi.

"Kula unyamaze," Pili akamwambia. "Hata huyo mbuzi alikuwa na adabu kuliko wewe, na alikuwa anachinjwa."

Mwaka wa pili akapika tena. Padri, kwa wema, alikuwa amemtafutia mfano. Alimweleza kwamba shetani naye anaamini, anajua Mungu yupo kuliko hata mapadri wanavyojua, ila hatumaini kitu kutoka kwake. Kwa hiyo inawezekana kuwa na imani ukakosa matumaini. Pili akasikitika sana. Akauliza kama kuna mtu amewahi kumwalika. Padri akauliza kumwalika nani. Pili akasema, huyo shetani, maana mtu asiyealikwa popote hawezi kutumaini kitu. Padri akafunga kitabu, na Pili akashuka kwenye wali wake.

Ndipo mambo yakaanza kuharibika, yaani kunoga. Kijiji kikazoea. Watu wakawa wanahesabu mwaka kwa sherehe ya Pili. Walioolewa mbali walirudi kwa ajili yake. Watu wa Mlali waliouza mchele wakawa wanapanda nao wenyewe ili waule. Jumbe aliweka baraza na kusema, kwa sauti ya mtu anayezungumzia mvua, kwamba ubatizo wa mtu mmoja hutokea mara moja tu, na wenye akili wakamwelewa. Tangu hapo Pili hakupata kupanda mlima peke yake. Walimsindikiza kwa nyimbo, na njia nzima wakimuuliza maswali ili kumchanganya: malaika akiota meno anatoa ya juu kwanza au ya chini, Adamu alitahiriwa na nani. Mikidadi alisema waziwazi kwamba yeye humwombea Pili dua afaulu kila Ijumaa, ila si mwaka huu.

Vita vya Majimaji vilikuwa vimeisha juzi tu, na Wadachi wa boma la Morogoro walipata homa wakisikia watu weusi wamekusanyika mahali. Akatumwa askari kuja kuchunguza ni mkutano gani huo wa kila mwaka. Alikuja na bunduki, akaulizia mkuu wa mkutano, akaonyeshwa mwanamke anayelia mbele ya sufuria. Akauliza amefiwa? Hapana, ameshindwa mtihani. Na hawa wote? Wanasherehekea ubatizo wake. Amebatizwa? Bado. Askari akaweka bunduki chini, akanawa, akala. Sijui alikwenda kuripoti nini, lakini mwaka uliofuata alikuja tena bila kutumwa.

Na Pili kweli alilia. Hilo watu walipenda kulisahau katika kusimulia, nami silisahau. Kila mara, wageni wakishaondoka, alichukua kibakuli kidogo cha wali akakiweka kwenye kaburi la Lukasi, akamwambia avumilie, mama yake ni mzito wa kuelewa.

Mwishowe habari zikapanda hadi kwa Padri Anselmi. Hakufurahi. Alimwita Pili akamwambia kwamba kutumaini kupita kiasi ni kosa, sawa na kukata tamaa, na kwamba mtu anayeandaa karamu kabla Mungu hajatoa jibu anamlazimisha Mungu.

"Unaula ubatizo ambao hujapewa," akasema.

"Mimi siuli, Padri. Wanaoula ni Waislamu."

Padri akamkataza kupika. Mwaka huu apande kama wengine, tumbo tupu na moyo mnyenyekevu, na jiko lake liwe baridi. Pili akatii. Hakununua mchele. Hakuloweka mtama wa togwa. Mbuzi alimwacha afungwe kwa jirani ili asimtazame. Alitangaza kijijini kwamba hakuna sherehe, akapanda mlima bila wimbo wala msindikizaji.

Agustino alikuwapo, na ndiye aliyeyasimulia haya kwa mama yangu. Pili alisimama mbele ya Padri akawa kama gogo. Padri akauliza Mungu ni nani, Pili akanyamaza. Akauliza amri ya kwanza, akanyamaza. Akamwomba afanye tu ishara ya msalaba, mkono ukafika kwenye paji la uso ukakwama hapo kama mtu anayejikinga na jua. Padri, kwa kumhurumia, akamuuliza jina lake. Nalo hakulisema. Akageuka akatoka, akashuka mlima, na Agustino anasema alikuwa anatembea kama mtu aliyetumwa dukani akasahau alichotumwa.

Alipofika kwake akakuta kijiji kimekaa uani. Kila mtu na bakuli lake. Jumbe yupo, askari yupo, watu wa Mlali wapo.

Pili akawaambia hakuna kitu. Hawakuondoka. Akawaambia Padri amekataza. Wakaitikia kwa vichwa, wakaendelea kukaa. Akawaambia safari hii hakushindwa mtihani, bali hakufanya kabisa, na hatapanda tena, Lukasi atamtafuta mama mwingine huko huko. Kisha akakaa chini kwenye vumbi na kanga yake.

Watu wakatazamana. Hawakuwa wamewahi kumsikia akisema hivyo, hata miaka ile ya kulia. Mikidadi akasimama.

"Mtani wangu, sikia," akasema. "Mimi sijui Mungu wako anafanyaje mitihani yake. Najua tu kwamba miaka yote hii nakuja hapa kwa ajili ya ubatizo wako, nami siwezi kula ubatizo wa mtu halafu nikasema haupo. Ningekuwa mwongo na shingo zote zile tumboni. Nimekuja na kisu. Nani ana mbuzi?"

Jirani akamfungua yule mbuzi aliyefichwa. Wa Mlali walikuwa na mchele, kwa mazoea tu. Wanawake wakaingia jikoni kwa Pili wakawasha jiko lililokatazwa, na kwa kuwa waliokatazwa si wao, hawakuona kosa. Pili akabaki uani ameduwaa, anapikiwa sherehe yake na watu waliokuwa wakimwombea asifaulu.

Jua lilikuwa linaegemea mlima Padri Anselmi alipofika, anahema, viatu vimejaa udongo na havikufanana. Moyo ulikuwa umemsumbua tangu Pili aliposhindwa kutaja jina lake, akaja kumwondolea katazo na kumtuliza. Akakuta moshi, wali, ngoma, Waislamu kwa Wakristo kwa askari wa serikali. Akauliza ni nani aliyebatizwa.

"Bado, Padri," akajibu Mikidadi. "Tulikuwa tunakungoja wewe. Karibu unawe."

Padri akamtafuta Pili kwa macho, akamkuta. Akachuchumaa mbele yake, jambo ambalo mzungu hakulifanya siku zile. Akamuuliza pole pole kama sasa anaweza kumwambia tofauti.

Pili akasema, "Sijui, Padri. Leo uliponiambia nisipike, nilisema sawa, nitaacha kutumaini, imani itabaki. Nikafika juu nikakuta hata imani haipo. Viliondoka pamoja. Sasa vimerudi, lakini vimerudi na hawa watu, na sijui kipi kimeingia kwanza."

Mtu mmoja, kwa heshima ya mgeni, akampa sahani. Katika sahani ile ilikuwamo shingo. Mikidadi akaiona, akafungua mdomo, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake akaufunga bila kutoa neno. Padri akala, akaimaliza, akanyonya na mfupa. Kisha akaomba maji. Yaliyokuwa karibu ni ya mtungi wa kunawia mikono. Akambatiza Pili pale pale uani na kumpa jina la Modesta, jina la mtu mwenye kiasi, yeye aliyekuwa analisha watu kutoka milimani hadi bondeni. Agustino akawa msimamizi wake. Wasichana wakapiga vigelegele, na jumbe akaonekana ana huzuni ya kweli.

Kwa nini Padri alimfaulisha, hakusema kamwe, hadi akaondoka nchini wakati wa vita vya Wadachi na Waingereza. Agustino aliamini ni lile jibu la "sijui", kwamba hatimaye alisema kitu kisichobishaniwa. Mikidadi hadi anakufa alidai kwamba ubatizo wa Pili aliulipa yeye, kwa shingo yake, na kwamba kanisa halijamshukuru.

Bibi aliishi sana baada ya hapo. Alipokuwa hawezi tena kuinuka kitandani, mimi nimeshaolewa na nimesoma madarasa yangu manne, akaniita akanishika mkono. Alikuwa amekonda, macho yale yale.

Akaniambia, "Furaha, siku nikifa usipike chakula cha matanga. Upike cha ubatizo. Wali, togwa, mbuzi. Wajukuu wa Mikidadi wachinje, na shingo wapewe wao, nisije nikadaiwa mara mbili. Bakuli dogo weka kwenye kaburi la kijana. Wakikuuliza sherehe ya nini, waambie Pili amefika kwa Lukasi."

Nikasema, "Bibi, Agustino alisema huko hakuna njaa."

"Agustino hakuzaa."

Nikamuuliza nitajuaje kwamba amefika kweli, ili nisiwadanganye watu.

"Hutajua," akasema. "Pika kabla. Na usipike kidogo."