Siku Taprandich Aliposhushwa Ndegeni

Tulikuwa tunaenda Mombasa kwa sababu ndugu yetu mdogo, Kiprono, alikuwa anafanyiwa upasuaji wa tumbo, na aliomba jambo moja tu: dada yetu mkubwa, Taprandich, amwombee kabla hajaingizwa theatre. Mama alituacha Kiprono akiwa bado ananyonya. Taprandich ndiye aliyemlea. Mimi, mwalimu mstaafu, ndiye niliyekata tiketi, nikamwambia dada ndege haina shida, ni kukaa tu.

Saa moja asubuhi tulitoka nyumbani Merigi kwa gari la jirani yetu, Koros. Mvua ilikuwa imenyesha, na kuanzia Litein hadi Kericho mashamba ya chai yalimetameta pande zote mbili. Dada alikuwa amevaa gauni lake la kanisani. Mkoba wake ulikuwa mapajani: Biblia, dawa za presha, kitambulisho. Njia nzima hakuuachilia.

Saa tano na nusu, Kisumu, tuliingia ndani ya ndege. Viti vyetu vilikuwa mbalimbali, yeye mbele, mimi safu tatu nyuma. Nilimwomba mhudumu tukae pamoja.

"Madam, kaa pale tiketi inasema," akajibu bila kunitazama.

Injini zikaanza kunguruma. Mhudumu huyo, msichana mdogo tu, alimwambia dada aweke mkoba juu. Dada hakusikia, masikio yake yamekuwa mazito. Msichana akaushika mkoba, akauvuta. Dada naye akauvuta kwake, na mkanda wa mkoba ukamgonga msichana shavuni.

"Amenichapa! Huyu mama amenichapa!"

Nikasimama. "Hajakusikia. Masikio yake..."

"Madam, keti, ama na wewe utashuka."

Nikaketi.

Msimamizi wao alikuja, akasema ndege haitaondoka dada akiwa ndani. Hakumuuliza dada chochote. Watu walitoa simu wakaanza kurekodi. Mwanamume mmoja nyuma yangu akasema kwa sauti, "Si ashuke tu? Tunachelewa." Dada aligeuka akinitafuta kwa macho. Nyuso zote zikanigeukia na mimi pia, na nikaona aibu, mimi mtu mzima. Nikamwambia kwa Kipsigis, kwa sauti ya darasani:

"Shuka, dada. Unaniaibisha."

Akainuka, akanyoosha gauni lake, akatoka na mkoba wake. Nilimpigia Koros upesi; alikuwa amefika Ahero, akageuza gari. Mlango ukafungwa. Nilijiambia lazima mmoja wetu afike.

Alasiri nilimkuta Kiprono wadini, tayari amevalishwa gauni la hospitali.

"Dada yuko wapi?"

"Ameugua njiani. Presha. Amerudi nyumbani."

Akafumba macho. "Basi niombee wewe." Niliomba, lakini nikasema amina mapema.

Upasuaji ulienda vizuri, namshukuru Mungu. Siku ya tatu, alipopata nguvu, Kiprono alimpigia dada kumuuliza hali yake. Dada alikuwa hajui nimesema nini. Nilisikia sauti yake kwenye simu, kubwa kama kawaida: "Presha? Ee, imeshuka, mtoto wangu. Niko sawa sasa."

Wiki iliyofuata nilirudi kwa basi. Nilipitia Kericho, nikatafuta mtu wa kunichapia barua ya malalamiko kwa kampuni ya ndege. Nilieleza yote: viti, mkoba, simu za abiria, msimamizi asiyeuliza. Baadaye walijibu kwamba wanasikitika, na kwamba wafanyakazi walifuata utaratibu.

Jioni niliyofika Merigi nilimsomea dada barua yangu, karibu na sikio lake. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Umeandika vizuri," akasema. "Lakini yule msichana mimi sikumsikia. Wewe nilikusikia."

Nikaomba msamaha. Akasema amenisamehe, akaniwekea chai, tukazungumza habari za ng'ombe. Mwezi uliopita Kiprono alimtumia nauli ya kwenda kumwona, na nikasema nitampeleka, safari hii kwa basi.

"Nitaenda na Koros," akasema.

Siku hizi nikisikia abiria fulani ameshushwa kwenye ndege, siulizi kwanza alifanya nini. Nauliza alikuwa na nani.