Mwanamke wa Kijapani ndani ya gari letu

Leo gari langu limeongea, na Hooyo hakuwepo kulijibu.

Mnalijua, lile kubwa nililoagiza Japani likiwa limetumika.

Kwenye mchanga halina mpinzani, wallahi. Ila skrini yake ya kuonyesha njia ina ramani ya Japani tu, na humo ndani kuna mwanamke anayetuelekeza kwa Kijapani. Hapa Garissa!

Hooyo, mama yangu, alikuwa akimjibu kila mara, akimwita ndugu kwa Kisomali.

"Haye, walaal, tumesikia."

Alisema mtu akikusemesha humwachi bila jibu, hata kama humwelewi. Tulikuwa tukicheka mpaka machozi.

Baba yeye alikuwa akinuna. "Zima hiyo kitu, inabiga kelele."

Leo ndiyo mara ya kwanza kuliwasha tangu tumzike Hooyo. Nilikuwa nampeleka baba msikitini. Tulipotoka tu mtaani kwetu Waberi, yule mwanamke akaanza.

Nikanyoosha mkono nimzime. Baba akaushika.

Akaitazama skrini. "Haye, walaal. Tumesikia."

Jamani, kuna mmoja wenu aliyeahidi kuniletea fundi wa kuing'oa hiyo skrini.

Mwambieni asije.