Sufuria ya Kupandia Mlima

Nakumbuka asubuhi moja, mwanangu, nimeketi uani kwetu Mji wa Kale, naisugua sufuria ya marehemu mama kwa majivu na ndimu. Ilikuwa sufuria nzito, ya pilau la watu wengi, na nilikuwa nimeazimia kumpa ndugu yangu Hafidh apande nayo Mlima Kenya.

Nikueleze kwanza. Wazazi wetu walifariki wakifuatana, mimi nikiwa mkubwa na Hafidh kitindamimba. Nikaacha shule, nikakaa kwenye karai kuuza viazi na bajia, wadogo zangu wakasoma. Sijuti hata chembe. Hafidh alipokua akataka kazi ya kuongoza wapanda mlima. Mtaa ukacheka. "Barafu anayoijua huyu ni ya ukwaju, ya kufyonza!" walisema barazani. Lakini alifunzwa, ikabaki safari moja ya majaribio: yeye na wenzake wawili wafike kileleni wakijipikia na kujitafutia maji, mkufunzi akiwatazama tu. Msimu ule vijito vya juu vilikuwa vimeganda. Maji yangekuwa theluji ya kuyeyushwa. Wakirudi nusu njia, kazi hakuna. Na mambo ya jiko alikabidhiwa Hafidh.

Nyanya Fatuma, shangazi yake mama, akanikuta nasugua. Akaiinua sufuria, akaitua kwa kishindo.

"Mishi, wataka aupande mlima, ama umbebeshe wa pili?"

"Nyanya, ni ya mama. Haijapata kuunguza chakula."

"Mamako aliipikia jikoni, hakuibeba mgongoni. Mapenzi yako yana ratili nyingi mno, mwanangu. Vaa buibui, mwite na Hafidh, twende sokoni Marikiti."

Nilinuna njia nzima. Mkubwa wa yatima huzoea kuamua peke yake, na kukosolewa humchoma. Lakini asiyesikia la mkuu huvunjika guu, nami sikutaka guu la Hafidh livunjike kwa ukaidi wangu.

Dukani, Nyanya akampa Hafidh sufuria moja ya kuuzwa, nzito kama ya mama, aishike mkono ukiwa umenyooshwa, kisha akaanza kupatana bei na mwenye duka, taratibu, akiulizia na hali za watoto wake. Mkono wa Hafidh ukaanza kutetemeka.

"Mama, hiyo nzito ndiyo ya kudumu!" akasema mwenye duka.

"Sufuria itadumu, na mgongo je? Lete nyengine."

Ya pili ilikuwa nyembamba kama karatasi. Nyanya akaibonyeza kwa dole gumba, ikabonyea. "Hii yaunguza hata maji," akasema, tukacheka. Ya tatu ilikuwa ya alumini, nyepesi lakini ngumu, tako pana, kifuniko chake kikibana vyema. Hafidh akaomba kubwa yake kidogo, kwa kuwa theluji ikiyeyuka hunywea sana.

"Kama mchicha, basi," akasema Nyanya. "Wajaza sufuria pomoni, ukiiva ni kiganja. Chukua kubwa."

Fundi wa bati akaitia utambo, mkono wa waya wa kuinulia, unaolala ubavuni usimkwaruze mgongo. Ndani yake Hafidh akapanga sufuria ndogo, vikombe na majani ya chai. Safi kabisa. Hata hivyo, alipoondoka, nilitazama ile sufuria kuu imebaki jikoni, nikaona kama mama ameachwa nyuma.

Yaliyotokea huko juu alinisimulia mwenyewe aliporudi. Walifika kambi ya mwisho wamechoka, koo zimekauka. Hafidh akiwa anapiga hema, wenzake wakaishindilia sufuria theluji tupu wakawasha jiko. Punde ikanuka kuungua. Maji machache yaliyoyeyuka yalinyonywa na theluji ya juu, chini pakabaki pakavu, tako likaanza kugeuka rangi. Wakazima moto. Chupa zao walikuwa wamezimaliza njiani. Mmoja akasema, "Basi, turudi."

Hafidh akatoa chupa yake kifuani, ndani ya koti, alikoificha isigande. Maji yalikuwa yamebaki kidogo chini.

"Kunywa basi, unatuonyesha nini?" wakamwambia.

"Haya si ya kunywa. Haya ni ya kuyaita mengine."

Akayamimina sufuriani, akawasha moto mdogo, akaongeza theluji kijiko kwa kijiko, akifunika. Ikayeyuka. Akaongeza tena. Mpaka sufuria ikajaa, wakanywa chai, wakajaza chupa, na alfajiri wakafika kileleni, wote watatu.

Nikamuuliza, "Nani alokufundisha?"

Akanicheka. "Da Mishi, umesahau? Maji ya mfereji yalipokatika, ukitupiga vidole tusikaushe mtungi. 'Ya chini ni ya kuanzia.' Nikadhani dunia nzima hufanya hivyo."

Maneno yale hayakuwa yangu, mwanangu. Yalikuwa ya mama. Nilitaka kumpakia mama katika sufuria nzito, kumbe Hafidh alikwisha kumbeba, na hakuwa na uzito wowote.

Leo Hafidh ni kiongozi wa safari, na wageni wanaofika juu hunywa chai ya mtoto wa Mji wa Kale. Nipitapo barazani, natembea kichwa juu. Waliocheka huniamkia wa kwanza.

Basi nakuusia. Ukisafiri, chagua chombo kwa mgongo utakaokibeba, usichague kwa fahari ya aliyekupa. Kiwe chepesi lakini kisiwe dhaifu, na nafasi yake itoshe kazi unayoiendea. Usikimalize ulichonacho kwa sababu ni kidogo; kidogo hicho ndicho kitakachokiita kingine. Na kama wewe ndiwe mkubwa wa nyumba, wafunze wadogo zako mema hata katika kuteka maji, maana hujui watayahitaji mlima gani.

Mungu akufikishe kileleni kwako, mwanangu, akurudishe nyumbani salama, na chupa yako isikauke kamwe. Amin.